Kanda za Ami: Wapi pa Kuanzia na Wanyika

Katika bweni letu kuna mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyenijia usiku mmoja akiwa na simu mkononi na malalamiko mdomoni. Alikuwa ameusikia wimbo mmoja wa Les Wanyika ndani ya matatu, akaupenda, akautafuta mtandaoni. Alichokipata kilimchanganya. Kulikuwa na Simba Wanyika, Simba Wanyika Original, Les Wanyika, Wanyika Stars na Super Wanyika Stars. Kila jina lilikuwa na nyimbo tele, nyingine zimebandikwa picha isiyo yake na mwaka usio wake. "Ndugu," aliniuliza, "hawa ni watu wamoja au ni wengi? Na nikitaka kuwasikiliza wote, nianze na ipi?"

Mimi hujulikana bwenini kwa sanduku la kanda nililokuja nalo kutoka nyumbani Msambweni, hivyo swali lake halikunishangaza. Nilimjibu kama tunavyofundishwa kujibu maswali ya historia ya fasihi, yaani kwa tarehe. Nilimwambia aanzie Tanga mwaka 1966, ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walipojiunga na Jamhuri Jazz Band. Kisha awafuate hadi Arusha mwaka 1970, walikounda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William. Kisha Mombasa mwaka 1971, ilikozaliwa Simba Wanyika. Hatimaye Nairobi katikati ya miaka ya 1970. Nilimwandikia orodha ya kurasa mbili. Alisikiliza nyimbo tatu zilizojaa mikwaruzo kama ya samaki anayekaangwa, akanirudishia karatasi yangu kwa adabu. Tangu siku hiyo anasikiliza mambo mengine.

Jawabu langu lilikuwa sahihi, na halikumfaa kitu. Ningelisahau jambo hilo lau swali lile lile nisingaliulizwa tena likizo iliyofuata, na mtu ambaye sikuwa tayari kumpoteza kwa orodha ya kurasa mbili. Nitamtaja baadaye. Kwanza yanipasa nieleze zile kanda nilizipataje.

Zilikuwa za ami yangu, nduguye baba mdogo. Ami alikuwa mhudumu wa baa katika hoteli moja ya Diani kwa miaka mingi. Kila jioni alisimama nyuma ya kaunta akiisikiliza bendi ya hoteli ikiwaimbia watalii "Jambo Bwana", na kila usiku, zamu yake ilipokwisha, alivuka barabara kuu ya Ukunda kwenda kusikiliza rumba, kama mtu anayesukutua kinywa baada ya kulazimishwa kunywa asichokipenda. Huo ulikuwa uonevu kwa wimbo ambao haujafanya kosa lolote isipokuwa kupendwa mno, lakini ndivyo alivyokuwa. Baada ya ghasia za Likoni za Agosti 1997 wageni walihama, hoteli zikafungwa moja baada ya nyingine, na ami akarejea Msambweni na godoro, redio ya kanda na sanduku la mbao lenye kanda 41. Nyingi hazikuandikwa kitu isipokuwa neno moja kwa kalamu ya wino: Wanyika.

Neno hilo lilimuudhi bibi yetu. Wasomi wa historia ya pwani watakumbuka kwamba zamani sisi Wadigo, pamoja na ndugu zetu Waduruma, Wagiriama, Warabai na wengineo, tuliitwa Wanyika, yaani watu wa porini, kabla ya jina Mijikenda kushika katika miaka ya 1940. Wamisionari waliofika Rabai katika karne ya 19 walilitumia jina hilo katika vitabu vyao bila haya. Bibi alilijua kama tusi. Alipomwona mwanawe akilikumbatia sanduku lililoandikwa "Wanyika" alimwuliza ni nani aliyemtukana akafurahi. Ami alimweleza kwamba hao ni simba wa nyika, wanamuziki kutoka Tanga. Bibi, ambaye alikuwa na jamaa Tanga kama walivyo Wadigo wengi, maana mpaka wa Lungalunga ulichorwa katikati ya ukoo wetu, alilegea kidogo. Hata hivyo alisema kwamba Tanga aijuayo yeye ni ile ya taarabu ya Black Star na Lucky Star, na kwamba mtu wa mji huo akijiita wa nyika ana lake jambo.

Utotoni nilipenda kuamini kwamba akina Kinyonga walipita mbele ya nyumba yetu wakielekea Mombasa, magitaa yakiwa juu ya basi. Nilimsimulia hadi mwalimu wangu. Ilinichukua miaka kutambua kwamba walitoka Arusha, na mtu atokaye Arusha hana haja ya kupita Lungalunga.

Sasa nije kwenye ugomvi, maana pasipo ugomvi hakuna anayeweza kuzielewa kanda zile.

Mwaka 1978, Simba Wanyika ikiwa imeshavuma kwa wimbo "Sikujua Utabadilika", kundi la wapigaji wake liliondoka kwa pamoja. Hawakuwa wapigaji wa pembeni. Aliondoka Omar Shabani wa gitaa la rithimu, akaondoka Tom Malanga wa gitaa la besi, akaondoka Rashid Juma wa ngoma. Yeyote aliyewahi kuusikiliza muziki huu kwa makini atajua kwamba hapo nyumba ilibakiwa na paa bila nguzo. Walioondoka walijiita Les Wanyika. Walimpata John Ngereza, Mtanzania aliyekuwa akipiga na Orchestra Jobiso; akaja pia Issa Juma mwenye sauti nzito ya kifuani. Haukupita muda mrefu wakatoa "Sina Makosa".

Wimbo huo ndio uliotumika kama silaha nyumbani kwetu. Baba na ami walikosana kuhusu minazi saba. Msomaji wa bara huenda akashangaa, basi nimfafanulie: huku kwetu mnazi waweza kuwa na mwenyewe, na ardhi uliposimama ikawa ya mwenyewe mwingine. Babu alipofariki aliacha shamba limegawanywa na minazi haijagawanywa, au pengine iligawanywa kwa mdomo mbele ya watu ambao nao wamekufa. Minazi saba ilisimama upande wetu wa ua wa makuti, na ami alisema aliipanda kwa mkono wake. Baba alisema mtoto wa miaka sita hapandi minazi. Wakaacha kusemezana. Waliswali msikiti mmoja, saa nyingine safu moja, na wakitoka kila mmoja alivaa viatu vyake akitazama upande wake.

Ndipo ami alipoanza kuutumia wimbo. Kila jioni, baada ya Magharibi, aliiweka redio yake juu ya kiti, akaielekeza uani kwetu, akaifungulia "Sina Makosa". Unaimba juu ya mtu anayechukiwa na mwenzake na asijue kosa lake ni lipi. Katika wimbo wenyewe chanzo ni wanawake. Kwetu ilikuwa minazi, lakini fumbo halihitaji kulingana kila upande ili lichome. Kanga zetu zimefanya kazi hiyo tangu zamani: mwanamke huivaa yenye maneno, akapita mbele ya amkusudiaye, wala hakuna awezaye kumshtaki. Ami alivaa wimbo. Baba alijibu kwa kuifungulia redio yake taarifa ya habari. Kwa takriban miaka tisa nilikulia katikati ya sauti hizo mbili, besi ya Malanga ikipita chini ya habari za bei ya mahindi Kitale.

Mimi nilikuwa mjumbe asiyetumwa. Mama alinituma kwa ami na kitoweo bila baba kujua, au baba akijua na kunyamaza. Na ami, ilhali alikuwa na hasira na ndugu yake, hakuwa na hasira na mwana wa ndugu yake. Aliniketisha kwenye mkeka akanifundisha kusikiliza. "Usisikilize mwimbaji," aliniambia. "Mwimbaji atakuja tu. Sikiliza anayerudia." Alimaanisha Omar Shabani. Katika muziki huu gitaa la rithimu hupiga kifungu kifupi cha sauti chache, likakirudia na kukirudia, na juu yake gitaa la solo likawa huru kuzungumza. Ngoma hazina fujo: sahani za chuma na ngoma ya mguu, basi. Kwa kuwa hakuna kinachojazwa ovyo, kila chombo waweza kukifuata peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, kama kufuata nyuzi za rangi moja ndani ya mkeka. Ami alinitaka niufuate mmoja kila siku. Siku ya besi, siku ya rithimu, siku ya solo. Ninapofundishwa leo kuhusu takriri katika ushairi, akili yangu huenda kwenye ule mkeka.

Alinifundisha pia habari ya pande mbili. Santuri ndogo ya wakati ule ilibeba dakika chache tu kila upande, kwa hiyo wimbo ulikatwa katikati: sehemu ya kwanza huku, sehemu ya pili kule. Upande wa kwanza hisa kubwa ni ya maneno. Upande wa pili hisa kubwa ni ya magitaa. Aliyenakili santuri kwenye kanda aghalabu alizinakili sehemu zote mbili, ila mara nyingine kanda ilimwishia, na mara nyingine mwuzaji alikuwa mvivu. Katika kanda za ami kuna nyimbo zisizo na sehemu ya pili, na wimbo mmoja usio na sehemu ya kwanza, ambao hadi leo sijaujua jina lake wala waliouimba. Naupenda kuliko nyingi ninazozijua.

Basi kwa mgeni ningesema hivi, na ndivyo ningemwambia yule mwanafunzi laiti angenipa nafasi ya pili: asianzie Tanga. Aanzie mahali nyumba ilipovunjika. Aanze na "Sina Makosa", sehemu zote mbili, mara kadhaa, hadi aweze kukivumisha kifungu cha Shabani akiwa anafua nguo. Akishakuwa nacho masikioni, arudi nyuma kwenye "Sikujua Utabadilika". Hapo atakutana na nyumba kabla haijapasuka, na atawasikia akina Kinyonga wakiimba pamoja kwa namna ambayo ni ndugu tu huweza, sauti moja ikijua nyingine itapumua wapi. Akianza na huo kabla ya "Sina Makosa" atasema ni wimbo mzuri. Akiusikia baadaye, atajua ni nini kilichoondoka.

Kutoka hapo njia ni nyingi na si zote zinazofaa. Upande wa Les Wanyika kuna "Paulina", kuna "Pamela", kuna "Kajituliza Kasuku", na kuna "Ufukara Sio Kilema", ambao ami alikuwa akiuimba alipohesabu sarafu. "Amigo" hupendwa na vijana, nami sina ugomvi nao, ingawa kwa sikio langu nguo yake ni ya miaka ya 1990 na imeanza kuchujuka. Aliyevutwa na sauti nzito na amfuate Issa Juma, aliyejitenga mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuunda Wanyika yake. Wimbo wake "Sigalame", wa mwaka 1983, unamhusu mtu asiyejulikana aliko wala biashara anayoifanya, na nadhani ni mojawapo ya hadithi fupi bora za Kiswahili za muongo ule. Nasema hivyo nikijua kwamba baadhi ya walimu wetu watakunja uso. Sisi hukubali kwamba nyimbo za jando ni fasihi, nyimbo za kuomboleza ni fasihi, hata nyimbo za kuvutia jahazi. Lakini wimbo ukishapata gitaa la umeme unageuka kuwa kelele. Sijapata kuelezwa sababu.

Simba Wanyika wenyewe hawakufa kwa kuondokewa. Hilo ndilo jambo linalonishangaza zaidi. Walitafuta wapigaji wapya, wakaendelea kurekodi, na kwenye santuri nyingi jina likaongezwa neno "Original". Si vigumu kukisia kwa nini, mji ukiwa umejaa Wanyika. Katika miaka ile ya 1980 walitoa "Haleluya", "Shilingi" na "Dunia Haina Wema", wakipiga Nairobi kama wageni, wakati ambapo kibali cha kazi kilikuwa kitanzi kwa mwanamuziki yeyote asiye Mkenya. Jina la ukoo wao ni Kinyonga, ilhali sijui bendi iliyobadilika rangi kidogo kuliko hiyo. Benga ilipovuma hawakuwa benga, disko ilipokuja hawakuwa disko. Mwaka 1992 ilitolewa huko Uholanzi sahani yao iitwayo "Pepea", yenye sauti safi isiyo na mkwaruzo hata mmoja. Wengi huwashauri wageni waanze na hiyo kwa sababu ya usafi wake. Mimi siwashauri hivyo. Ni kama kuijulia Msambweni kwenye picha ya hoteli. Isikilizwe mwisho, mtu akijua kwamba George alifariki mwaka ule ule, na Wilson akamfuata mwaka 1995, na kwamba baada ya hapo hapakuwa tena na Simba Wanyika. Omar Shabani na John Ngereza nao walifariki miaka ya 1990 ilipokuwa ikiishia. Kama ndugu wale na wale walioondoka waliwahi kuketi pamoja wakamaliza maneno yao, kanda za ami hazisemi.

Ami alifariki mwaka 2022. Baba alikuwa miongoni mwa walioingia kaburini kumpokea. Baada ya arobaini, mke wa ami alinipa sanduku, akasema hana redio ya kulichezea, nayo redio ya marehemu imeingia chumvi. Nikaondoka nalo kuja chuoni. Redio nilinunua Kongowea.

Likizo ya Desemba nilirudi nalo nyumbani. Jioni ya tatu, baada ya Magharibi, baba alitoka nje akaketi kwenye kiti chake upande wa ua. Hakufungua taarifa ya habari. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniita.

"Lile sanduku la ami yako umelileta?"

"Nimelileta, baba."

"Hao watu wake," alisema, "wimbo wao ni ule mmoja tu?"

Nilimwambia ni nyingi, wala si watu wamoja, ni bendi nne au tano zilizozaana. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari ya jirani ambayo alipaswa kuijua zamani. "Miaka yote hiyo nausikia ule ule," alisema. "Neno kwa neno. Sasa nikitaka kusikia nyingine, nianze na ipi?"

Hapo ndipo nilipoiona karatasi yangu ya kurasa mbili ilivyo nyepesi. Ushauri wa kuanza na "Sina Makosa" nao haukufaa, kwani yeye alikuwa ameanza nao bila hiari, na ameumaliza. Kifungu cha Shabani kilikuwa ndani ya mifupa yake. Nilipekua sanduku nikatafuta kanda yenye "Sikujua Utabadilika", nikaipuliza vumbi, nikaiweka. Jina la wimbo sikumtajia.

Aliinamisha kichwa. Sauti zilipoingia aliniuliza wanaoimba ni wangapi. Nikamwambia ni wawili, ndugu, mkubwa na mdogo. Hakusema kitu. Magitaa yalipoanza kuzungumza alisogeza mguu wake mmoja mchangani, kidogo tu, kama anayemfukuza siafu. Ng'ambo ya ua, nyumbani kwa ami, mtu alikuwa akikuna nazi. Mbuzi wa kukunia akanyamaza.

Nikadhani sauti inawakera wafiwa, nikanyoosha mkono niipunguze.

"Iache," baba alisema. Kisha, baada ya kitambo: "Iongeze."